KABINI ILIYOLIWA NA KUTU: KUTENGENEZA AU KUBADILI?

Maneno haya mmekwisha kuyasikia redioni. Sasa yamechapwa ili mpate kuyasoma wenyewe, polepole, kila mtu na karatasi yake mkononi. Mbele kidogo mtakuta hesabu, basi shikeni penseli. Asiyejua bado kugawanya asione haya. Amwombe jirani yake wafanye pamoja.

Somo la leo limetokana na swali. Nilikwenda kutazama darasa moja la jioni huko Kwala, katika Wilaya ya Kibaha. Tulipomaliza kusoma, bwana mmoja wa makamo alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, njoo nyumbani unitazamie kitu." Tukazunguka nyuma ya nyumba yake. Chini ya mwembe palikuwa na lori, Scania ile ya zamani yenye pua ndefu, ambayo watu huiita kwa namba yake, 111. Scania hizo zilianza kutengenezwa nchini Sweden mwaka 1974, na ziliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Si ajabu kuikuta Scania kuukuu mkoani kwetu Pwani, maana hapo Kibaha palikuwa na kiwanda cha TAMCO kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania.

Injini ya lori lile ilikuwa nzima. Tuliiwasha, ikaunguruma vizuri. Chasi ilikuwa imenyooka. Lakini kabini, yaani kile chumba wanamokaa dereva na utingo, ilikuwa imeliwa na kutu. Fundi mmoja wa Mlandizi amemwambia, "Mzee, nikipiga bati hapa itakuwa mpya." Mtu mwingine, wa Gerezani Dar es Salaam, amemwambia anayo kabini nzima iliyotolewa katika lori jingine, anaiuza. Bwana yule hakujua amsikilize nani.

Naye ana haraka. Tangu Bandari Kavu ya Kwala ilipozinduliwa tarehe 31 Julai 2025, watu wanajenga nyumba na maduka, na anayejenga hutaka mchanga, kokoto na matofali. Lori la zamani si la kubeba makontena, lakini mchanga litabeba. Kila siku linapolala chini ya mwembe, fedha zinapita barabarani mbele ya macho yake.

Mimi ni mtu wa elimu, si fundi. Lakini nimekulia ndani ya kabini ya namna ile ile, na baadaye nitawaambia yaliyotupata. Kwanza tuijue kutu yenyewe.

Chuma hakiozi kwa maji peke yake, wala kwa hewa peke yake. Kinataka vyote viwili pamoja. Maji na hewa vikikutana juu ya chuma kisicho na rangi, chuma hugeuka polepole kikawa unga mwekundu. Chumvi ikiingia, kazi hiyo huenda mbio sana. Ndiyo maana lori linalofanya kazi pwani huoza upesi kuliko lori la Dodoma.

Tena kutu ina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Inachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila. Huvimba. Bati mbili zilizounganishwa, kutu ikiingia katikati yake, huanza kuachana, kama mizizi inavyopasua sakafu. Basi ukiona rangi imetoka lengelenge, jua kwamba kutu ilianza zamani, upande wa ndani usioonekana. Hilo lengelenge ni habari iliyochelewa kufika.

Sasa nataka mfikirie nyumba ya miti na udongo. Udongo wa ukutani ukianguka, mama huchota maji, akakanyaga udongo mwingine, akakandika. Nyumba haina neno. Lakini mchwa wakiingia katika nguzo ya pembeni, pale chini inapoingia ardhini, hata ukandike ukuta ukaupaka chokaa ukang'aa, nyumba ile si ya kulala watoto. Je, utajuaje? Hutajua kwa kutazama ukuta. Utachimba kidogo chini ya nguzo, uichome kwa kisu.

Kabini ni hivyo hivyo. Ina udongo wake na ina nguzo zake. Milango, ubavu na bati za juu ya magurudumu, hayo ni udongo. Yakitoboka, lori linachukiza macho, lakini halimwui mtu. Nguzo zake ni zile mbili za mbele zinazoshika kioo, zile za nyuma ya milango, kizingiti kinachokanyagwa wakati wa kupanda, na pale chini ambapo kabini inakalia chasi kwa bolti na mipira. Sakafu iko katikati: ikitoboka kidogo ni udongo, ikiliwa mpaka kwenye kingo zake imekwisha kuwa nguzo.

Kwa hiyo usiulize kutu ni kiasi gani. Uliza iko wapi. Nimeona kabini iliyotoboka milango yote miwili kama chujio, nayo ilistahili kutengenezwa. Na nimeona nyingine iliyong'aa kwa rangi mpya, nayo ilikuwa jeneza.

Neno hilo la jeneza nimelitumia kwa sababu.

Marehemu baba alikuwa na Scania kama hiyo. Alibeba chumvi kutoka mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, akaipeleka Mlandizi na Morogoro. Mjue chumvi mpya ina maji. Magunia yakipangwa nyuma, yanachuruzika usiku kucha. Maji yale ya chumvi hushuka nyuma ya kabini, yakaingia chini ya sakafu, yakakaa. Juu ya sakafu palikuwa na zulia kuukuu, na chini ya zulia hapakukauka hata siku moja. Sisi watoto tulipenda kupanda mle ndani wakati lori limeegeshwa, tukashika usukani, tukaendesha mpaka Zambia bila kuondoka uani.

Kabini ilipoanza kutoboka, baba aliipeleka kwa fundi. Ikarudi nzuri. Baada ya mwaka mmoja na nusu ikatoboka tena, ikapelekwa tena. Mara nne. Kila mara fundi aliziba mashimo kwa ile dawa inayokorogwa kama uji mzito kisha ikakauka ikawa ngumu kama jiwe, akapiga msasa, akapaka rangi ya bluu. Hakuna aliyefunua zulia. Mara ya nne fundi mwingine, kijana, alimwambia baba, "Mzee, nguzo ya mlango wa kushoto haina kitu ndani." Baba alikasirika. Alimwona kijana anatafuta kazi kubwa apate fedha nyingi. Nami sitaki kumlaumu baba kwa hilo, kwa sababu alikuwa na watoto watano na karo, na mtu mwenye haja husikia lile analoweza kulilipia.

Ilikuwa masika ya mwaka 2003. Lori lilikuwa linapita penye mashimo, halikuwa na mwendo. Bawaba ya juu ya mlango wa kushoto ikang'oka pamoja na kipande cha nguzo, mlango ukafunguka, na utingo aliyeuegemea akatoka nao. Alivunjika nyonga. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini mpaka leo anatembea kwa fimbo, na kila Idi mama hupeleka kitu kwake. Nilikwenda kukitazama kile kipande cha nguzo. Nje rangi ya bluu, kisha dawa ya kuziba unene wa kidole, na ndani unga mwekundu. Chuma chenyewe hakikuwako. Tulikuwa tumefunga mlango katika uji mkavu.

Wenye kuyatengeneza malori hayo walijua kazi ya nguzo. Huko Sweden, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabini za malori zilipimwa kwa nguvu kabla ya kuruhusiwa barabarani. Waliweka juu ya paa uzito wa tani 15. Kisha wakachukua kizito cha tani 1 kilichoning'inizwa, wakakiachia kikaipiga nguzo ya mbele ya kioo. Ilitakiwa kabini ibaki na nafasi ya mtu kuwa hai ndani yake. Sasa fikirini: nguzo iliyopimwa kwa tani, leo imejazwa uji. Lori likipinduka mtaroni pale Vigwaza, paa litashikwa na nini?

Basi tulirudi kwenye lori la Kwala. Nikamwambia yule bwana alete nyundo ndogo, bisibisi ya kuukuu na sumaku. Sumaku tuliipata katika spika ya redio iliyokufa. Vitu hivyo vitatu vinatosha, wala havihitaji fundi.

Kwanza tuliondoa zulia na kila kilichokuwa sakafuni. Kisha tukagonga kwa nyundo, polepole, tukisikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza kinajibu kama debe lenye pumba. Palipojibu vibaya tulichoma kwa bisibisi. Kama inazama kwa nguvu ya mkono tu, hapo hapana chuma. Sumaku tulipitisha juu ya rangi, hasa kwenye nguzo na vizingiti. Penye bati hunasa. Penye dawa ya kuziba haishiki, au hushika kwa ulegevu, na rangi ing'ae namna gani haiwezi kuidanganya sumaku. Kila tulipopata pabaya alichora duara kwa chaki. Mwisho tulilala chini tukatazama mahali kabini inapokalia chasi, moja baada ya moja.

Nataka mfanye vivyo hivyo kabla ya kwenda kwa fundi yeyote. Mkienda na chaki zenu, fundi atawaheshimu, na bei itakuwa ya kweli.

Sasa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Bei zenu ziulizeni wenyewe, zinageuka. Andika upande wa kushoto KUTENGENEZA. Tuseme bati na vyuma shilingi 420,000. Fundi 900,000. Rangi na dawa ya kutu 380,000. Watu wengi hufika hapo wakajumlisha. Wamesahau jambo moja: lori likiwa kwa fundi halifanyi kazi. Tuseme litalala siku 21, na kila siku lingeleta shilingi 40,000 baada ya mafuta na posho. Zidisha: 840,000. Jumla yote ni shilingi 2,540,000.

Upande wa kulia andika KUBADILI. Kabini iliyotumika shilingi 4,500,000. Kuileta kutoka Dar es Salaam 250,000. Winchi ya kushusha ya zamani na kupandisha hii 300,000. Nyaya, mipira ya vioo na vitu vidogo vidogo 400,000. Rangi 350,000. Siku 8 za kulala, 320,000. Jumla ni shilingi 6,120,000.

Hapo ndipo mtu huifunga daftari na kusema, "Nitatengeneza." Asiifunge bado. Fedha hizo zinanunua miaka, na miaka haikuandikwa popote. Kama kutu imeingia kwenye nguzo, kiraka kitadumu, tuseme, miaka 2. Gawanya 2,540,000 kwa 2. Kila mwaka unalipa shilingi 1,270,000. Kabini nzima, ikitunzwa, tuseme miaka 6. Gawanya 6,120,000 kwa 6: shilingi 1,020,000. Ile iliyoonekana ghali imekuwa rahisi kwa shilingi 250,000 kila mwaka.

Lakini kama nguzo ni nzima, na kutu ni ya milango na sakafu tu, kazi nzuri inaweza kudumu miaka 3 au zaidi. Gawanya 2,540,000 kwa 3. Utapata kiasi cha shilingi 847,000. Sasa kutengeneza kumeshinda. Mmeona? Fedha ni zile zile. Kilichogeuza jibu ni mahali kutu ilipo, na hilo umelijua kwa nyundo.

Anayetengeneza, atengeneze kweli. Chuma kilichooza hukatwa mpaka kifikiwe chuma cheupe; hakizibwi juu. Bati la kiraka liwe na unene wa kama milimita 1, sawa na bati la kabini. Wako mafundi wanaotumia mabati ya kuezekea nyumba. Bati la geji 28 halifiki hata nusu ya unene huo. Tena bati la nyumba limepakwa zinki. Likichomelewa hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata homa na kutetemeka usiku wake. Kabla ya moto wowote kuwashwa, ondoeni waya za betri, tangi la mafuta lisogezwe mbali, na vitambaa na sifongo vyote vitolewe. Lori moja nililijua liliponywa kutu na kuunguzwa siku ile ile. Baada ya kuchomelea, upande wa ndani upakwe rangi ya kuzuia kutu kama wa nje, maana kutu inaanzia ndani. Na yale matundu madogo yaliyo chini ya milango na vizingiti msiyazibe. Yamewekwa ili maji yatoke. Wengi huyaziba kwa kudhani ni kutu.

Anayebadili naye ana hatari zake. Kabini iliyotumika imetoka mahali fulani, na ilitolewa kwa sababu fulani. Huenda lori lake lilipinduka. Fungueni milango mkaifunge: ikifungwa kwa kubamizwa, nguzo zimepinda. Andikiana na muuzaji karatasi yenye jina lake, tarehe na saini, na lori iliyotolewa litajwe kwa namba, usije ukaambiwa umenunua mali ya wizi. Namba ya chasi imegongwa kwenye chasi yenyewe, kwa hiyo lori lako linabaki lako. Lakini rangi ikigeuka, kadi ya gari nayo irekebishwe.

Ipo hali ya tatu, ambayo wenye malori hawapendi kuisikia. Kama chasi nayo imeliwa, au injini inakula mafuta ya kulainisha kama ng'ombe anavyokunywa maji, msitie fedha katika kabini. Muuze chuma chakavu kwa kilo mkaanze upya na kitu kidogo.

Lori la Kwala lilikuwaje? Kulia, nguzo zote zililia vizuri. Kushoto, bisibisi ilizama juu ya kizingiti, nikaipima: vidole vinne kwenda juu. Na mahali pawili pa kukalia chasi pamekwisha kabisa. Nilimwona yule bwana anasimama na chaki mkononi, hasemi kitu. Kisha akaenda ndani akaleta daftari la darasani, akaandika hesabu yake mwenyewe, kwa mkono ambao mwaka jana haukuweza kuandika jina lake. Alipomaliza alisema, "Mwalimu, nimebadili."

Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Gerezani na sumaku mfukoni. Ile kabini nzima aliyoahidiwa, sumaku haikushika kwenye nguzo ya mbele. Akamshukuru muuzaji, akarudi mikono mitupu. Mpaka ninapoandika haya bado anatafuta, na lori bado liko chini ya mwembe. Nauli aliyopoteza ameiandika katika daftari, upande wa kulia.

Hesabu ya wiki hii ni hii. Bwana huyo hana shilingi 6,120,000 zote. Atakopa 3,000,000 katika chama chao, kwa mwaka mmoja, kwa riba ya shilingi 10 kwa kila 100. Riba yake ni kiasi gani? Ijumlishe na bei ya kubadili, kisha gawanya kwa miaka 6. Mmoja darasani atasema kwamba riba imekula faida yote ya shilingi 250,000. Mwulizeni kama ile 250,000 ilikuwa ya mwaka mmoja au ya miaka 6, kisha afanye upya ubaoni.